Nilivyoikata Mizabibu ya Bwera

Baba yangu alikuwa mkata mizabibu. Ninajua ni kazi ya ajabu kwa mtu wa Butembo, huko Kongo, ambako watu hulima maharage, viazi na kahawa, lakini mapadri wa kule walipanda mizabibu nyuma ya kanisa ili wapate divai ya misa, na baba aliingia katika bustani ile akiwa kijana asiye na mke akatoka akiwa na mvi. Vita ndivyo vilivyomtoa. Njia zote za kutoka Beni zilipojaa watu wenye silaha, tulivuka mto wa mpakani sisi wawili, yeye na mimi binti yake, nikiwa na miaka kumi na tisa. Mama alikuwa amekwisha kufa siku nyingi. Mimi nilibeba sufuria na blanketi. Yeye alibeba fungu la vijiti vilivyofungwa ndani ya maganda ya mgomba, na kila tulipofika kwenye kijito alisimama kuvilowesha. Nilimwonea hasira njia nzima. Nilidhani atatufanya tuuawe kwa ajili ya kuni.

Bwera, upande wa Uganda, tulipewa chumba na mjane mmoja wa Kikonzo aliyekuwa na shamba la kahawa juu, upande wa Kyondo. Tulimlipa kwa mikono yetu. Tulipanda kule asubuhi kupalilia, tukashuka jioni na mizigo kichwani, na vijiti vya baba vikakaa kwenye kopo la maziwa lenye maji karibu na mlango. Watu wa mtaa waliuliza ni dawa ya nini. Yeye alisema si dawa, ni zabibu, na wao wakatikisa vichwa.

Kiswahili hiki ninachoandika nilijifunza baadaye, kwa vitabu. Nyumbani tulizungumza cha Beni, na baba hakuwahi kuzungumza kingine mpaka kufa kwake. Maneno yake nitayaandika kama alivyoyasema.

Baada ya miezi kadhaa tulisikia kwamba misheni ina Bruda mzungu mwenye mizabibu kwenye mteremko unaoshuka kuelekea barabara. Tulikwenda siku ya kazi, baba amevaa koti lake la pekee. Mizabibu ilikuwepo, mistari mirefu, imefungwa vizuri kwenye waya, na ilikuwa na majani mazito ajabu. Baba aliinama, akainua majani kwa mkono, akatazama chini yake. Akaenda mti wa pili, wa tatu. Hakukuwa na kishada hata kimoja. Bruda, mtu mwembamba mwenye ndevu nyekundu, alitukuta tukiwa bado tumeinama.

"Inapendeza, sivyo?" alisema.

"Inapendeza, Bruda," baba akajibu. "Lakini haizae."

Bruda alikubali kwamba haizai. Alikuwa amejaribu mbolea ya ng'ombe, majivu, na maji zaidi. Baba akamwomba amwonyeshe anavyokata. Bruda akatoa mkasi mfukoni, akashika tawi lililokomaa, akahesabu macho mawili kutoka shinani, akakata. Yale anayoyaita mkulima macho ni vile vivimbe vidogo kwenye tawi, kila kimoja mahali lilipokuwa jani, ambamo chipukizi la msimu ujao limelala.

"Hii muti haikatwake vile," baba alisema. "Hii iko na matunda mu macho ya mbali. Ile macho mbili ya karibu iko ya majani tu. We unatupa zabibu chini kila mwaka, unabakisha majani."

Nilimkanyaga mguu. Tulikuwa tumekuja kuomba kazi. Bruda akasema kwao wamekuwa wakikata hivyo tangu enzi za babu yake. Baba akamwambia hakatai, labda ya kwao ni aina nyingine. Kisha akaeleza jambo ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine. Alisema kule kwa wazungu baridi huja ikaulaza mti, nao ukiamka unaamka kwa pamoja. Huku hakuna baridi, kwa hiyo lazima mtu ndiye aulaze mti. Unaunyima maji wiki kadhaa, unang'oa majani kwa mkono, ndipo unakata, na mti unadhani umezaliwa upya.

Bruda alimpa mstari mmoja. Nadhani alimpa ili amnyamazishe.

Mstari ule ndio uliotupatia kazi iliyotulisha kwa miaka sita. Baba aliukata kwa utaratibu wake. Kila mti aliuachia matawi mawili marefu, macho manane kila tawi, mti dhaifu macho matano, na shinani akaacha kijiti kifupi cha macho mawili ili kizae matawi ya kukata msimu unaofuata. Kisha alilikunja tawi refu taratibu, kama mtu anayekunja ufito, akalifunga lilale. Nilimwuliza kwa nini asiliache lisimame. Akasema likisimama, jicho la juu kabisa linakunywa kila kitu, wenzake wanabaki na kiu. Likilala, yote yanakunywa sawa. Baada ya kukata, ncha zilitoka maji, tone baada ya tone, kwa siku mbili. Watu husema mzabibu unalia. Baba alisema haulii, unaamka.

Vishada vilikuja. Vilikuwa vidogo kama punje za mtama, vikachanua, vikanenepa, vikageuka rangi. Bruda alikuja kusimama pale kila siku baada ya sala ya adhuhuri. Msimu uliofuata alimpa baba bustani nzima, nami nikaandikwa kama msaidizi wake, na vijiti vyetu vya kwenye kopo vikapata mstari wao wa mwisho chini, karibu na barabara.

Bruda alikuwa mtu mwema lakini alikuwa na haraka. Mwaka mmoja, akiona jinsi macho manane yalivyozaa, alitaka tuache kumi na tano. Baba alikataa. Bruda akakata mistari mitatu mwenyewe, matawi marefu kama kamba za kuanikia nguo. Mavuno ya mistari ile yalikuwa mengi mno, vishada vimening'inia mpaka waya zikalegea, na zabibu zake zilikuwa chachu, haziivi, zikatengeneza divai ambayo padri aliinywa amefumba macho. Msimu uliofuata mistari ile mitatu haikuwa na nguvu ya kutoa hata tawi la kukata. Baba aliikata mifupi sana, aipumzishe, na ikachukua miaka miwili kurudi.

Nayasimulia haya kwa sababu watu hudhani kukata mti ni kuupunguza tu. Mimi nililelewa nikijua kwamba katika kila mkato unaamua mti uzae nini, na uzae kwa miaka mingapi.

Kisha serikali ikabadilika. Hatukuelewa mengi. Wahindi waliokuwa na maduka Kasese waliondoka, na baada yao wazungu wengine wakanyimwa vibali. Bruda aliaga asubuhi moja akiwa na sanduku moja. Alimpa baba mkasi wake, akamshika mabega, akataka kusema kitu akashindwa. Padri Mganda aliyebaki alikuwa na parokia mbili za kuangalia, na bustani hakuiweza. Alituambia tuendelee kama tulivyo, chakula tutapata kwa tunachopanda kati ya mistari.

Ndipo nilipoanza kuona kasoro katika kazi ya baba.

Kwanza ilikuwa ndogo. Tawi zuri limekatwa, bovu limeachwa. Mti mmoja ulibakizwa bila kijiti cha shinani. Nilidhani ni uzee. Halafu nikaona anavyokata: alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya tawi, polepole, akihesabu vivimbe kwa kugusa, na uso wake umeelekea kwingine, barabarani. Nilisimama mbele yake hatua tatu bila kusema. Hakujua kwamba nipo.

"Papa," nilisema mwishowe.

Alishtuka akaangusha mkasi. Akainama kuutafuta upande usiokuwa wake.

Nilimpeleka kwa Sista wa zahanati. Alimfunua kope, akamulika kwa tochi, akasema ugonjwa huu ungetibiwa mapema labda Kampala, sasa kilichopotea hakirudi. Njiani kurudi baba aliniomba kitu kimoja tu.

"Usiambie batu. Bakijua sioni, batasema niketi. Mi siwezi kuketi, mama."

Alikuwa akiniita mama tangu utotoni, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nikamwahidi. Tukatafuta njia: mimi nilitangulia mstari nikimwambia kwa sauti ya chini huu una matawi manne, la pili kulia ni nene, naye akashika, akapima kwa gumba, akakata. Yeyote aliyepita barabarani aliona mzee na binti yake wakifanya kazi. Hivyo tulikata misimu miwili, na mizabibu ilizaa kama zamani.

Wanajeshi walikuja kulinda mpaka wa nchi, wakajenga vibanda upande wa pili wa barabara. Walitoka kila kona ya Uganda, na wake zao walikuja na watoto wakatandika mikeka chini ya maturubai. Mkubwa wao alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya upole isiyoendana na maneno yake. Siku ya kwanza alivuka barabara peke yake, akachuma zabibu tatu, akazila moja moja.

"Nani nafanya hii?"

"Ni sisi, afande," nilisema.

"Kuanzia leo hii shamba ni ya jeshi. Nyinyi tabaki hapa, tafanya kazi. Hakuna taabu."

Padri alipoambiwa alisema tu sawa. Naelewa. Siku zile mtu alikuwa akiitwa kwenye gari asubuhi na jina lake halitajwi tena mezani.

Afande hakuwa mkatili kwetu. Alituletea unga wa jeshi, na mkewe alinipa kanga yake moja. Alipenda kuniambia kwamba alipelekwa ng'ambo kusomea vyombo vya mawasiliano, na nyuma ya kambi yao huko kulikuwa na mashamba ya zabibu mpaka upeo wa macho. Miti yote ilikuwa mifupi kama goti. Kila alipotazama mistari yetu yenye matawi marefu yaliyolala, alikunja uso.

"Hii ni chafu," alisema. "Kule iko kama askari kwenye paredi."

Baba akamweleza kama alivyomweleza Bruda, kwa maneno yaleyale. Afande akasikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kisha akasema, "Mzee, mimi naliona kwa macho yangu." Alisema bila ubaya. Baba akainamisha kichwa.

Siku ile iliyoharibu mambo, tulikuwa tunatayarisha msimu, na mimi niliitwa na mke wa afande nimsaidie mtoto aliyeungua. Nilichelewa. Baba hakungoja. Alifika kwenye kona ambako askari walikuwa wamepitisha waya wao wa simu kwenye nguzo yetu bila kutuambia, akapapasa, akaukuta mwembamba mgumu kama tawi lililokauka, akaukata. Niliporudi nilimkuta amepigishwa magoti katikati ya mstari. Askari wawili walikuwa na bunduki. Afande alikuwa ameshika ncha mbili za waya.

"Hii mzee ni ya Kongo," mmoja wa askari alisema. "Natumwa na watu."

"Mzee, nani nakutuma?" afande akauliza.

Baba angeweza kusema. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa na nikajua kwamba hatasema, kwamba anaona afadhali aitwe jasusi kuliko kipofu. Askari akamvuta kola ya koti.

"Afande," nikasema, "baba yangu haoni. Ni kipofu. Ana miaka miwili haoni kitu."

Afande alinitazama, akamtazama baba. Akanyoosha mkono mbele ya uso wake, akauzungusha. Kisha akamsogezea kidole mpaka karibu kabisa na jicho, na baba hakupepesa. Mmoja wa askari akacheka kidogo. Afande akamwambia anyamaze, akamwinua baba kwa mkono wake mwenyewe, akamfuta udongo magotini.

"Mzee nakwenda kupumzika nyumbani," aliniambia. "Kazi tafanya wewe. Na takata kama mimi nasema."

Tulitembea hadi nyumbani. Mjane wa Kikonzo alikuwa uani anaanika kahawa, akauliza kulikoni, nikamweleza. Baba aliingia chumbani akaketi kitandani, mikono magotini, uso ukutani. Hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Aliacha tu kuniita mama. Aliponihitaji alikohoa.

Nilikata bustani yote kwa amri. Ilinichukua siku sita. Afande alisimama karibu siku ya kwanza akionyesha kwa kijiti: hapa, hapa, fupi. Siku zilizofuata hakuja, nami ningeweza kuacha tawi refu hapa na pale, hata mti mmoja kwa kila mstari, na asingejua mpaka vishada vionekane. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Sikuacha. Niliogopa, na pia kuna uchovu unaomfanya mtu atii hata asipotazamwa. Nilikata macho mawili, macho mawili, mpaka mstari wa mwisho, ule wa vijiti vilivyotoka Butembo.

Jioni ya siku ya sita baba alikohoa. Nikaenda.

"Umeacha macho ngapi?"

"Mbili."

"Yote?"

"Yote, Papa."

Akauliza kama nimeilaza kwanza kwa kiu. Nikasema hapana, afande hakutaka kungoja. Akatikisa kichwa, akageukia ukuta.

Majani yalikuja kwa nguvu, mapana kama sahani, kijani cha kutisha. Afande alifurahi. Alileta wageni kutoka Kasese kuonyesha mistari yake iliyonyooka. Aliwaahidi vikapu. Wiki zikapita, na alipoanza kuinua majani kama baba alivyofanya siku ile ya kwanza, nilikaa mbali. Hakukuwa na kitu. Alikuja tena Jumapili, na Jumapili nyingine. Mwisho aliniuliza, kwa sauti yake ileile ya upole, "Mzee nalijua?"

"Alijua, afande. Alikuambia."

Nilidhani atanipiga. Alivunja jani moja, akalitazama mgongo na tumbo, akaondoka. Haikupita muda aliitwa Kasese kwenye mkutano na hakurudi. Lori lilikuja kuchukua vitu vyake. Mkewe alipanda nyuma na watoto, kichwa amekifunika, hakuniaga. Sikuwahi kujua walifikia wapi. Askari waliobaki hawakuijali bustani.

Hapo ndipo nilipomwomba baba aje. Nilimwomba siku tatu. Siku ya nne alisimama mwenyewe, akaweka mkono begani kwangu, tukashuka. Aligusa visiki vyote vya mstari wa kwanza, kimoja kimoja, kwa viganja, na mimi nilikuwa nyuma yake nikilia bila sauti, sijui kama alisikia.

"Haijakufa," alisema. "Muti iko hai. Ni mavuno ndiyo imekufa."

Akanifundisha, kwa maneno machache, kama mtu anayemfundisha mfanyakazi mgeni. Chagua chipukizi moja kwa kila mti, lililotoka karibu na shina, nene kama penseli, lililoona jua. Liache lirefuke. Mengine punguza, yasiliibie. Mwaka huu usitake tunda. Ukifika wakati, laza mti kwa kiu, ng'oa majani, kata kwenye jicho la nane, kunja, funga. Tulichagua na kupunguza mstari kwa mstari, kwa mwezi mzima. Alichoka upesi. Mvua za mwaka ule zilikuwa ndefu, na kifua kilimshika. Sista alimpa sindano. Mjane alimkandia majani ya mkaratusi. Alikufa asubuhi, watu wa mtaa wakiwa mashambani, na alizikwa kwenye makaburi ya misheni, upande wa wageni. Padri alisoma misa kwa divai ya chupa iliyotoka Kampala.

Siku zake za mwisho nilikaa karibu naye nikingoja neno. Aliniuliza kama mvua imeharibu vifungo vya waya. Nikasema nimevikaza. Akasema vizuri. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho.

Wakati ulipofika nilikata peke yangu. Nilihesabu kwa gumba, ingawa nina macho, kwa sababu ndivyo nilivyojua. Mizabibu ilizaa. Haikuzaa sana, lakini ilizaa kila mti, na nilikuwa wa kwanza kuona, nikiwa nimeinama vilevile. Askari na watoto wa barabarani walichuma nyingi zikiwa bado mbichi, wakatema, wakatupa. Nilipata kapu moja la zilizoiva. Nusu nilimpelekea padri, ambaye hakuwa na mtu wa kuzikamua, na akazigawa kwa wagonjwa. Nusu tulikula na mjane tukiwa tumekaa mlangoni. Yeye hakuwa amewahi kuzionja. Alisema ni tamu lakini mbegu zinasumbua.

Mwaka uliofuata nguzo zilianza kuibiwa kwa ajili ya kuni, na waya ukaenda kujenga mazizi. Miti ilitambaa chini, ikaota ovyo, ikazaa majani. Nilishuka Kasese kutafuta kazi nikapata ya kufua nguo za watu wa reli, kisha nikaolewa na mtu wa Kyarumba mwenye kahawa mlimani. Ninamkatia kahawa yake. Watu husifu mkono wangu, na mume wangu huuliza nilijifunza wapi. Nimemwambia nilifundishwa na baba. Yale mengine sijamwambia.